Mwalimu Aliyeninyima Shingo

Ukishuka stejini Lodwar ukauliza mwenye malori ya bluu, hata aliyefika jana atakuonyesha kwa kidole. Ndiye mimi. Niliacha shule darasa la tatu, nikarudi kwa mbuzi wa baba kule Lorugum, na leo watu wenye vyeti vya chuo wananiandikia barua za Kiingereza wakiomba kazi. Karani ananisomea, mimi nasema ndiyo au hapana. Sisemi haya ili nijisifu. Basi, tuseme ukweli, nasema ili nijisifu, lakini pia ili ujue kwamba huyu nitakayemweleza hapa hakufundisha wanyonge. Alinifundisha mimi.

Tulimwita Mwalimu. Jina alikuwa nalo, na ukoo pia, lakini hayo ni yake na sitayagusa. Alitoka Kongo, akafika Kakuma na kichwa cha cherehani kimefungwa kwa kitenge mgongoni kama mtoto. Alikuwa mama mfupi. Ukimwona kwa nyuma ungedhani ni msichana wa darasa la sita ametumwa chumvi. Akikushika kola ya jaketi, hapo ndipo ulijua umeshikwa na nani.

Alinifundisha judo kwenye mchanga wa mto Tarach, ule mto wetu wa Kakuma ambao siku nyingi hauna maji. Alinipa kila kitu alichokuwa nacho isipokuwa kimoja. Alininyima shingo. Yaani alinikataza kumfundisha mtu yeyote kukaba, na mtu aliyezoea kupata anachotaka kama mimi, nilikaa na hilo neno "bado" miaka mingi kama mwiba uliovunjikia ndani ya kisigino.

Siku ya kwanza alichora mchangani kwa kidole cha mguu. Wakati huo nilikuwa kuli, nashusha magunia ya mahindi kwenye malori ya watu wengine, na rafiki yangu Ekiru alikuwa kuli mwenzangu. Tulikuwa tumesikia kuna mama anaangusha wanaume, tukaja kucheka.

"Judo iko boma ya nyumba tatu," akasema, kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Nyumba ya kwanza, kutupa mutu. Ya pili, kumushika mutu chini. Ya tatu, kumupiga mutu. Ile ya tatu iko na kufuli."

Ekiru akauliza, "Kufuli ya nini, Mwalimu?"

"Sababu yenu. Kupiga mulijua mbele ya kukuya hapa."

Kila nyumba ilikuwa na jina la Kijapani. Nage waza ni kutupa, katame waza ni kushika chini, atemi waza ni kupiga. Nililishika kila moja siku hiyo hiyo, mimi niliyeshindwa na jedwali la nne shuleni. Ile ya kupiga hatukuitumia kamwe kwa kushindana. Mara moja moja alituonyesha ngumi na teke kwa mpangilio maalum, polepole, kila mtu akijua mwenzake atafanya nini, kama ngoma. Kisha akafuta mchanga kwa mguu na kusema imetosha.

Kabla ya nyumba zote kulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa kuanguka. Miezi mitatu tulianguka tu. Mbele, nyuma, ubavuni, mkono ukipiga chini kabla mwili haujafika, kidevu kifuani ili kisogo kisiguse. Na kabla ya kuanguka kulikuwa na kazi ya kuchekecha mchanga, kwa sababu mathenge, ule mti wa miiba, imejaa kando ya mto na mwiba wake hauchagui mgongo. Mwalimu alitupa ungo, kila mtu na eneo lake. Mwiba ukipatikana kwenye eneo lako wakati wa mazoezi, wewe ndiye unayetupwa na wote siku hiyo. Baada ya mchanga tulimwaga maji, tukatandika mikeka ya majani ya mkoma iliyosukwa na akina mama wa kwetu, na juu yake turubai la hema kuukuu, limevutwa na kufungwa kwa vigingi pande zote. Nimeona ukumbi wa Nairobi wenye mikeka ya mpira ya rangi mbili. Wetu ulikuwa mzuri zaidi, na kama huamini ni shauri yako.

Mjomba wangu alikuja kutoka Lorugum kuniona. Mzee wa kisawasawa, fimbo mkononi, ekicholong kwapani, kile kiti kidogo cha mti ambacho mwanaume wa kwetu anakalia mchana na kulalia kichwa akipumzika. Alikiweka kando ya turubai, akakaa, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu mama anawafundisha nini?"

"Kuanguka, mjomba."

"Mbuzi wangu wanajua. Hawakufundishwa."

Mwalimu aliomba atafsiriwe. Alipotafsiriwa alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia mjomba alete mbuzi mmoja awe msaidizi. Mjomba alifikiria jambo hilo kwa makini kisha akakataa. Tangu siku hiyo kila akifika Kakuma alimsalimia Mwalimu kwanza, "Ejok," kabla ya kunisalimia mimi, damu yake.

Katika nyumba ya kutupa mimi nilikuwa mfalme. Huko kuna kutupa kwa mikono, kwa nyonga na kwa miguu. Nyonga ilikuwa yangu. Kuingiza kiuno chini ya mtu, kumvuta mkono na kumzungusha mgongoni, hiyo ni kazi ya gunia, na magunia nilikuwa nimebeba mengi. Niliwatupa Wasudani warefu, niliwatupa Wakongo waliokuja wakijua, nilimtupa polisi mmoja aliyekuwa likizo na akanipa mkono baadaye. Mwalimu alitazama, akasema:

"Unatupa vizuri sana gunia. Lakini gunia haikatai. Mutu anakataa. Ngojea akatae, njo umutupe."

Sikuelewa. Akaniita. Nikamvuta, nikaingiza nyonga, na kweli alikataa, akarudi nyuma, na wakati nikihangaika kumrudisha, unyayo wake mdogo ukafagia kisigino changu. Niliona mawingu. Kakuma mawingu ni nadra, nikayatazama vizuri.

Kulikuwa na aina nyingine ya kutupa ambayo niliichukia: ile ya kujiangusha wewe mwenyewe. Unalala chini kwa hiari, unamvuta mwenzako, naye anaruka juu yako. Nilimwambia Mwalimu kwamba mimi sitalala chini mbele ya mtu ili kumshinda. Akasema sawa. Mwezi mzima kila aliyepangwa nami alinitupa kwa njia hiyo hiyo, Ekiru akiongoza, na Mwalimu akishona pembeni bila kuinua macho. Mwishoni nikaomba nifundishwe.

Kushona ndiko kulikomlisha. Jaketi zetu zote alizishona yeye kwa turubai la hema, kola mistari mitano ya uzi, na hakumpa mtu jaketi kabla ya kuipima. Alifunga jiwe kubwa kwenye kola, akaitundika kwenye tawi siku nzima, jioni akakagua mshono mmoja mmoja kwa ncha ya kidole. Mikanda aliipaka rangi mwenyewe. Manjano kwa binzari. Kahawia kwa majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakawa kama lami. Mkanda wangu wa kahawia ulinuka chai nilipotoka jasho, na kiuno changu kilikuwa na mstari wa chai ambao mke wangu alidhani ni ugonjwa.

Sasa usifikiri naeleza malaika. Mwanamke aliyetufundisha kutokuwa na hasira aligombana kila asubuhi kwenye foleni ya maji, na mtungi wake ulikuwa unaruka mbele kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikitokea. Alitufundisha kuanguka bila hofu, lakini bodaboda alikataa kupanda kabisa. "Ile kitu iko na magurudumu mbili tu," alisema, kana kwamba wengine hatujaona. Alitembea jua kali kutoka kambini mpaka Kakuma mjini na kurudi, mwavuli mkononi, bodaboda zikimpigia honi na yeye akizipungia.

Na drafti. Tulicheza kwa vifuniko vya soda kwenye ubao aliouchora mwenyewe. Mwalimu alikuwa mchezaji mbaya, na hakuwahi kushindwa. Ukimkaribia kumaliza, angekumbuka kitu kilicho jikoni. Angekohoa, ubao ungetikisika. Siku moja Ekiru alimbana kabisa, amebaki na kifuniko kimoja kwenye kona, akamwambia, "Mwalimu, sema umeshindwa tuanze upya." Mwalimu akatazama kile kifuniko chake, akakichukua, akakitia mfukoni.

"Mutu yangu amekimbia," akasema. "Haujamushika."

Nakuomba ukumbuke hicho kifuniko. Miaka yote niliyokaa naye sikumwona akikubali kushindwa, si na drafti, si na foleni, si kwenye turubai.

Nyumba ya pili ndiyo iliyonitesa. Kushika mtu chini kuna vyumba vitatu: kumkandamiza asiinuke, kumkunja kiwiko, na kumkaba shingo. Mwanaume aliyekua akibeba ekicholong ili asikae mchangani ovyo, sasa unamwambia agaegae mchangani kama punda. Ekiru alizoea upesi. Mimi nilichelewa, lakini nilipozoea nikawa jiwe. Nikikulalia kifuani hutoki.

Hatukuwa na saa ya kupimia. Mwalimu aliimba. Ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, tangu mwanzo mpaka mwisho, ukiwa umekandamizwa bado, umeshindwa. Alikuwa na sauti nzuri. Lakini kama mtu aliye juu alikuwa na majivuno siku hiyo, Mwalimu aliimba polepole, akavuta kila neno, akarudia mstari, akasimama kunywa maji. Ubeti wangu mmoja uliwahi kuwa mrefu kuliko ibada ya Pasaka. Ekiru alikuwa chini yangu akicheka, na mtu anayecheka ni vigumu sana kumkandamiza. Akatoka.

Kiwiko alinipa baada ya miaka miwili. Kiwiko tu, kwa sababu katika judo huruhusiwi kukunja kiungo kingine. Alinifundisha kwa kitambaa: vuta mpaka uzi useme, usivute mpaka uzi ukatike. Na hapo ndipo kuna sheria ambayo bila hiyo judo ni vita. Ukizidiwa kwa kiwiko au kwa shingo, unagonga. Unapiga kiganja mara mbili juu ya turubai au juu ya mwili wa mwenzako, naye anaachia papo hapo. Siyo baada ya kidogo. Papo hapo.

Mimi sikugonga. Nilijulikana hivyo. Kiwiko changu cha kushoto mpaka leo hakinyooki vizuri, na hiyo ni kumbukumbu. Shingo nilikabwa mara mbili mpaka nikazimia kabisa, nikaamka miguu yangu ikiwa imeinuliwa na Mwalimu akinipepea kwa ungo. Kila nilipoamka nilitazama huku na huku kuona nani ameshuhudia kwamba sikugonga. Nilirudi kwenye malori nikawasimulia makuli. Wao walinisifu. Mwalimu alininunia.

Kisha ikafika siku ya Ekiru.

Tulikuwa tunafanya mazoezi ya kukaba, mimi nyuma yake, mikono yangu imeingia ndani ya kola, moja inavuta huku na nyingine huku. Nilikuwa nimeshika vizuri. Ekiru akagonga paja langu. Sasa nikueleze jinsi mwili wangu ulivyolelewa. Kule malishoni, sisi wachunga mbuzi tukishindana mieleka, mwenzako akianza kukupiga kwa kiganja maana yake bado ana nguvu, anataka kujinasua. Kwa hiyo unabana zaidi. Nilijua sheria ya Mwalimu kichwani, ningekusomea hata usingizini. Lakini mikono yangu ilisikia kile kiganja ikafanya ilichofanya tangu utoto. Ilibana. Akagonga tena, ikabana tena. Kisha Ekiru akawa mzito na laini, kama gunia.

Mwalimu alinitoa kwa kunivuta nywele. Aliinua miguu ya Ekiru, akamwita kwa jina, akampiga mashavu polepole. Sijui ilikuwa muda gani. Wimbo hakuna aliyeimba. Ekiru alipofungua macho aliuliza kama lori limefika.

Nilisema nilichoweza kusema. "Mwalimu, sikusikia."

"Najua. Wewe haugongi. Utasikia namna gani mwenzako akigonga?"

Hakunifukuza. Siku iliyofuata alinitupa kama kawaida. Lakini aliniambia, mbele ya wote, kwamba kutupa ninaweza kumfundisha mtu, kukandamiza ninaweza, kiwiko pia kwa uangalifu. Shingo, hapana. Mpaka yeye aseme.

Maisha yakaenda. Nilinunua lori kuukuu lililokuwa limekufa barabarani karibu na Kakuma, nikalifufua, likazaa mengine, nikahamia Lodwar, nikajenga, na Ekiru akawa dereva wangu wa kwanza na sasa ndiye mkubwa wa madereva wote. Ghala langu la zamani la mabati, la kuwekea saruji, nililigeuza ukumbi wa judo. Nilijaza turubai vipande vya magodoro, nikatoboa madirisha upande wa upepo. Wanakuja wanafunzi kutoka Lodwar yote, na wengine Lowarengak, wanakaa kwa ndugu zao ili wafundishwe na mimi. Kutupa kwao ni kwa hali ya juu. Muulize yeyote.

Tatizo lilikuwa shingo. Wakubwa wanapokwenda kushindana huko Kitale, kukaba kunaruhusiwa, na wangu hawakujua kukaba wala kujitoa. Mwaka juzi nilipeleka watano. Wanne walikabwa. Nilikaa kwenye benchi nikitazama watu wangu, wenye nguvu kuliko waliowashinda, wakigonga mmoja baada ya mwingine, na njia nzima ya kurudi hakuna aliyenitazama usoni.

Utauliza, kwa nini usiwafundishe tu? Nani angejua? Mwalimu yuko Kakuma na hapandi bodaboda. Ni swali zuri, na Ekiru aliniuliza. Nilimjibu kwamba mali yangu yote niliipata bila kumwomba mtu ruhusa, na kwa hiyo ninajua tofauti ya kitu ulichojichukulia na kitu ulichopewa. Shingo nilitaka kupewa.

Basi kila nilipopita Kakuma niliingia kwake. Nilimpelekea vitambaa, nyuzi, unga, mwavuli mpya. Mara moja nilimpelekea cherehani ya umeme, imefungwa kwenye karatasi, Ekiru akiibeba nyuma yangu. Mwalimu aliifungua, akaizunguka, akapitisha kidole kwenye sindano, akasema asante sana, Mungu akubariki.

"Na ile habari yetu, Mwalimu?"

"Bado."

Ekiru alicheka mpaka tukapita Lokichar kesho yake.

Mwaka huu, Jumamosi moja, saa tisa mchana, nikiwa katikati ya mafunzo, lori langu moja likasimama mbele ya ukumbi. Ekiru akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa abiria. Mwalimu akateremka kinyumenyume, mguu mmoja baada ya mwingine, mwavuli kwapani na mfuko wa unga mkononi. Jicho lake moja lilikuwa limefunikwa pamba. Alikuwa ametoka hospitali ya macho. Alikuwa amepungua, naye hakuwa na cha kupunguza.

Kulikuwa na watu kama arobaini humo ndani. Wanafunzi, makuli wangu waliomaliza kazi, madereva, mke wangu na dada zake. Wote wananiita Bosi. Hata mke wangu akikasirika ananiita Bosi.

Mwalimu alivua viatu mlangoni, akainama kwa heshima kuelekea turubai, kisha akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa jaketi langu na ndala, nasimamia tu kutoka pembeni.

"Kuli," akasema. "Vua viatu."

Arobaini walitazama chini. Mmoja akacheka na nilijua ni nani bila kugeuka. Nikavua.

Alitoa jaketi lake kwenye mfuko wa unga, lile lile la turubai la hema, limekuwa laini kama ngozi. Huku akilifunga aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, "Karatasi zangu zimetoka. Wiki iyayo nitaenda kwa mutoto wangu, ng'ambo. Sitarudia huku."

Akakaza fundo la mkanda, akanionyesha turubai kwa kidole.

"Kaa chini."

Nikakaa katikati ya turubai. Akaja nyuma yangu, akapiga magoti, na mikono yake ikaingia kwenye kola yangu. Nikajua mara moja kinachofanyika, na kila aliyenijua akajua. Hadithi ya kwamba Bosi hajawahi kugonga niliwasimulia mwenyewe, mara nyingi, nikiwa nimesimama hapo hapo.

Akavuta. Hakuwa na nguvu za zamani lakini kukaba si nguvu, ni mahali. Alikuwa ameshika mahali. Nikaanza kusikia damu yangu masikioni, kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Nilimwona mke wangu. Niliwaona wale wanne waliogonga Kitale, wamekaa mstari wa mbele, wananitazama bila kupepesa. Nilijua njia ya kuzimia, nilishaipita mara mbili, ni rahisi, unangoja tu. Kisha ungeamka na bado wewe ni yule yule. Na Mwalimu angepanda ndege na "bado" yake.

Nikainua mkono. Ulikuwa mzito kuliko gunia lolote nililowahi kubeba. Nikapiga turubai mara mbili.

Akaachia kabla sauti ya pili haijaisha.

Kisha Ekiru, kutoka mlangoni, akasema taratibu kama mtu anayesoma tangazo, "Bosi amegonga." Basi. Makuli wakapiga mabati kwa ngumi, wanafunzi wakapiga kelele, dada za mke wangu wakapiga vigelegele, sijui kwa nini. Nilitaka kuinuka nitoke nje. Mkono wa Mwalimu ukanishika bega.

"Bado," akasema. "Sasa wewe."

Akakaa mbele yangu na kunipa mgongo. Shingo yake ilikuwa nyembamba, na mishipa miwili nyuma kama kamba za hema. Nikaingiza mikono kwenye kola, nikaihisi mistari mitano ya uzi chini ya vidole. Kelele zilikuwa zinazidi, mabati yalikuwa yanalia. Nikabana kidogo. Akatikisa kichwa: hiyo si kukaba. Nikabana kwelikweli.

Nilikuwa namfikiria yule wa kifuniko cha soda. Huyu hatagonga, nilijiambia. Huyu hajawahi kumgongea mtu. Nilitazama mikono yake yote miwili, ilikuwa imetulia juu ya magoti, na nikaingoja ipige turubai.

Haikupiga. Kitu kiligusa mguu wangu, pembeni ya kifundo. Kidole chake cha mguu, kile alichotuchorea boma la nyumba tatu. Mara moja tu, kama nzi ametua akaondoka.

Mikono yangu ilifunguka yenyewe. Sikuiambia. Nataka uelewe hapo: sikuiambia.

Watu waliendelea kupiga kelele, wakidhani bado tunaendelea. Mwalimu alikohoa, akajifuta mdomo, akageuka akaniangalia kwa lile jicho moja.

"Kwa nini umeachia?"

"Umegonga, Mwalimu."

"Wapi?"

"Hapa. Kwa kidole cha mguu."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Akamwita Ekiru. "Wewe uliona?"

"Sikuona kitu, Mwalimu. Nilishangaa kwa nini ameacha."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akaikamata kola yangu tena na mimi nikajitayarisha kukabwa upya, lakini alikuwa anaipitishia vidole, anaikagua. Alikuta uzi umelegea karibu na bega. Akaomba sindano. Hakuna aliyekuwa nayo ila yeye mwenyewe, imechomekwa ndani ya pindo la jaketi lake, na uzi tayari. Akaniambia niinamishe kichwa. Akashona hapo hapo shingoni pangu, jicho moja limefungwa, bila kunichoma hata mara moja, akakata uzi kwa meno.

"Fundisha," akasema.

Jioni Ekiru alimrudisha Kakuma kwa lori, yeye mbele kama waziri, mwavuli umefunguliwa ndani ya kebini na hakuna aliyethubutu kumwuliza sababu.

Jumatatu nilianza somo la kwanza la shingo. Nilikaa katikati ya turubai nikamwita Ekiru kwanza. Alinikaba taratibu, kwa raha zake, kama mtu aliyengoja zamu yake tangu Tarach. Niligonga. Akaachia papo hapo. Kisha nikawaita wengine, mmoja mmoja, wale wanne wa Kitale, wasichana wa Lowarengak, makuli, wote, na kila mmoja nilimgongea, pengine kwa kiganja, pengine kwa kidole, pengine kwa kisigino, na kila mmoja aliyechelewa kusikia alirudia mpaka akasikia.

Kwa hiyo nikuambie kitu ambacho hakuna tajiri mwingine wa mji huu anayeweza kukuambia. Hapa Lodwar hakuna mwanaume aliyegonga mara nyingi kuliko mimi. Waulize. Hata anayenifuata hanikaribii.